Ukisema "laini yangu", unasema kitu gani hasa?

Kuanzia Mwigobero mjini Musoma hadi stendi ya Bunda, neno laini linaweza kupita masikioni mwako mara kumi kwa siku moja, na kila mara likawa na maana nyingine. Mchuuzi wa samaki anasema laini yake imeharibika, na anamaanisha kile kikadi kidogo kilichomo ndani ya simu. Mteja wake anamwambia "nipe laini yako nikutumie", na hapo anataka namba. Jirani analalamika kuwa laini yake haina kitu, kumbe anazungumzia pesa. Fundi aliye juu ya nguzo anauliza kama laini imezimwa, naye anauliza habari ya umeme. Dada anayeuza mafuta ya kupaka anasifu kwamba yanafanya ngozi kuwa laini. Na sisi redioni kila jioni tunatangaza: "Laini ziko wazi, msikilizaji, piga sasa."

Wapo wenzetu ambao kwa lafudhi ya nyumbani husema raini. Ni neno lilelile, na tunaelewana bila shida.

Shida inaanza pale ambapo neno moja limebeba vitu vingi, na miongoni mwa vitu hivyo zimo fedha zako na jina lako. Hapo ndipo mtu anaweza kusema "ni laini yangu" kwa moyo wote, kumbe kwenye kumbukumbu za usajili si yake. Makala haya yanaeleza neno hili limetoka wapi, limebeba nini, na kwa nini ni vizuri kuliangalia kwa makini kabla hujampa mtu "laini" yako.

Maneno mawili yenye sura moja

Kwanza tutenganishe. Kiswahili kina laini mbili, na hazina undugu.

Laini ya kwanza ni ya zamani na imetoka katika Kiarabu. Ndiyo ile yenye maana ya kitu kisicho kigumu wala kisichokwaruza: kitambaa laini, udongo laini, sauti laini. Kutokana nayo tumepata kulainisha, kulainika na ulaini. Mtaani imeendelea kuzaa. Kazi isiyochosha ni kazi laini. Maneno matamu ya mtu anayetaka kukukopa ni maneno laini. Na mtu akisema ofisi fulani haitembei mpaka "uilainishe", kila mtu anajua hapo inazungumziwa rushwa.

Laini ya pili imetoka katika Kiingereza, kwa neno linaloandikwa line. Hii ndiyo ya simu, ya umeme na ya redio. Kwa sababu zote mbili tunaziandika na kuzitamka sawasawa, mtu anaweza kutania kwamba laini yake ni laini ndiyo maana imekatika, na utani ukakubalika.

Kutoka uzi hadi kadi

Neno line lenyewe lina safari ndefu. Asili yake ni Kilatini, kwenye neno lililomaanisha uzi wa kitani, yaani uzi uliotengenezwa kutokana na mmea unaotoa nguo za kitani. Kutoka kwenye uzi likaenda kwenye kamba, kutoka kwenye kamba likaenda kwenye kitu chochote kirefu kilichonyooka. Leo Mwingereza anatumia neno hilo moja mahali ambapo sisi tuna maneno mengi. Uzi wa mvuvi ni line, na sisi tunao mshipi. Mchoro kwenye daftari ni line, na sisi tunao mstari. Ukoo wa mtu ni line, na sisi tunayo nasaba. Kamba ya kuanikia nguo ni line. Watu waliosimama mmoja nyuma ya mwingine ni line pia.

Kwa hao waliosimama, majirani wamechukua njia tofauti. Ukivuka Sirari kuingia Kenya, utasikia watu wakiambiwa wapige laini dukani au hospitalini. Huku kwetu tunasema foleni, na foleni nayo ni Kiingereza kilichovaa kanzu: imetokana na amri ya gwaride inayowataka askari wajipange, fall in. Nairobi, katika eneo la Kibera, upo mtaa unaoitwa Laini Saba, na inaelezwa kuwa jina hilo lilitokana na mistari ya uwanja wa askari wa kulengea shabaha enzi za ukoloni. Hapa Tanzania, wazee waliokulia katika makazi ya askari polisi bado huyaita laini, kwa sababu nyumba zake zilijengwa kwa safu.

Simu ndiyo iliyolifanya neno hili liwe la kila mtu. Zamani simu ilikuwa waya kweli. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, huduma hiyo hapa nchini ilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu. Mtu kuwa na laini maana yake nguzo zimepangwa na waya umevutwa mpaka ofisini au nyumbani kwake. Wachache walikuwa nayo. Wengine tulitegemea barua, simu ya maandishi, au simu ya upepo ya misheni na ya polisi.

Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa na TTCL ikazaliwa. Mwaka huohuo simu za mkononi zikaanza Dar es Salaam kupitia kampuni ya Mobitel. Vodacom ikaja mwaka 2000, na mitandao mingine ikafuata. Waya ukatoweka, lakini watu bado walihitaji neno la kutaja kile kinachowaunganisha na mtandao. Kikawapo kikadi kidogo chenye shaba, na neno la waya likahamia kwenye kikadi. Jirani zetu wa Kongo, ambao lugha yao ya ofisi ni Kifaransa, kikadi hichohicho wanakiita puce. Sisi tumebaki na laini, na leo hata Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ikitoa tangazo inaandika "usajili wa laini za simu". Neno la mtaani limeingia serikalini likakubalika.

Laini za vijiweni

Likishazoeleka, neno halikai mahali pamoja. Simu ya laini mbili ilikuwa jibu la watu wanaotafuta bando la bei nafuu kila mtandao. Ikaja laini ya wakala, ile inayotumika kuweka na kutoa pesa za wateja. Ikaja laini ya chuo, iliyotolewa na mitandao kwa wanafunzi ikiwa na vifurushi vya bei ya chini, kisha ikaanza kutafutwa hata na watu ambao hawajawahi kuona mlango wa chuo. Kijana akisema msichana "ameingia laini", anamaanisha amekubali. Na kwa wanamuziki wa kufokafoka, ambao wanapenda kutafsiri, line imegeuka kuwa mistari: msanii mwenye mistari mikali ndiye mwenye maneno makali kwenye wimbo.

Haya yote ni mapambo ya lugha na hayana madhara. Hakuna atakayepoteza ng'ombe kwa sababu ya mistari ya msanii. Lakini laini ya simu imekuwa na uzito tofauti, tangu pesa zilipoingia ndani yake.

Vitu vinne ndani ya neno moja

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na huduma kama hiyo zikaenea mitandao yote. Kuanzia hapo, mtu anaposema "laini yangu" anakuwa ametaja vitu vinne kwa mpigo. Tuvitazame kimoja kimoja.

Cha kwanza ni kadi. Ni kile kikadi cha plastiki. Kinaweza kulowa, kukatika au kuibiwa, na kina thamani ndogo. Kadi ikipotea hujapoteza kila kitu. Unaenda kwenye duka la mtandao wako na namba yako ya NIDA, unaweka kidole, na unapewa kadi mpya yenye namba ileile. Hiki ndicho wengi wanakiita kurinyuu laini.

Cha pili ni namba. Ndiyo inayojulikana na ndugu, wateja na shule ya mtoto. Namba ni ya mtandao, wewe umepewa kuitumia. Ukiitelekeza kwa muda mrefu, mtandao unaweza kuifunga na baadaye kumpa mtu mwingine. Ndiyo maana unaweza kupiga namba ya shemeji ya miaka mitatu iliyopita, akapokea mtu asiyekujua kabisa.

Cha tatu ni pochi, yaani akaunti ya pesa iliyofungwa kwenye namba hiyo. Pochi haimo ndani ya kadi. Imo kwenye mitambo ya kampuni, na inafunguliwa kwa namba ya siri. Mwizi akichukua simu yako bila namba ya siri, pesa bado hajaifikia.

Cha nne, na ndicho tunachokisahau, ni jina. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilifanya usajili wa laini kuwa lazima. Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa kutumia kitambulisho cha taifa. Mwisho wake ulikuwa Desemba 31, 2019, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Wengi wanakumbuka foleni za NIDA za kipindi kile. Tangu hapo kila laini ina mtu mmoja anayetambuliwa kuwa mwenyewe: yule ambaye kidole chake kiliwekwa.

Hapo sasa kuna swali. Kadi iko kwenye simu yako, namba unaitumia wewe, pesa umeitafuta wewe. Je, kidole ni cha nani?

Laini hii ni ya nani?

Wakati ule wa usajili, watu wengi vijijini hawakuwa na namba ya NIDA. Walifanya lililowezekana: mke akasajiliwa kwa kidole cha mume, mama mzee kwa kidole cha mjukuu, kijana kwa kidole cha kaka. Ilikuwa ni msaada wa kifamilia. Lakini mpangilio ule umebaki vilevile kwa baadhi ya watu, na una hatari zake.

Tuseme mama anauza dagaa Musoma na wateja wake wote wanamlipa kwenye namba moja. Laini imesajiliwa kwa jina la mume. Siku wakikosana, mume anaweza kwenda dukani, akaweka kidole, akapewa kadi mpya ya namba ileile. Simu ya mama inapoteza mtandao hapohapo. Namba ya wateja imekwenda, na pochi iko kwenye jina la mume. Mama akilalamika kuwa ameibiwa laini yake, mhudumu atafungua kompyuta na kuona kuwa aliyekuja ndiye mwenyewe.

Tuseme tena kikoba cha akina mama Butiama kinaweka michango kwenye "laini ya kikundi". Kwa maneno ni ya kikundi, lakini kwa usajili ni ya mweka hazina. Akihama, akiugua au akifariki, fedha za watu thelathini zimekaa kwenye jina la mtu mmoja. Na fedha zilizo kwenye laini ya marehemu ni sehemu ya mirathi yake. Familia italazimika kupitia kwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na kikundi kitabaki kikieleza kwamba zile hazikuwa za marehemu. Daftari la kikundi likiwa halikuandikwa vizuri, maelezo hayo ni magumu.

Na ile laini ya chuo uliyouziwa kwa sababu ya bando? Imesajiliwa kwa mwanafunzi usiyemjua. Bando ni lako mpaka siku atakapoihitaji namba yake. Kama mkulima wa pamba wa Bunda ameiandikisha laini hiyo ndiyo ya kupokea malipo ya msimu, amepeleka mavuno yake kwenye jina la mgeni.

Upande wa pili una hatari vilevile. Ukimsajilia mtu laini kwa kidole chako, kisha akaitumia kutapeli, jina litakaloonekana kwanza ni lako. Polisi watakuja kwako kabla hawajaenda kwake. "Nilimsaidia tu" ni maelezo ambayo utalazimika kuyathibitisha.

Tapeli anapenda neno pana

Matapeli wa simu wanalijua neno hili kuliko sisi. Sikiliza maneno yao: "Laini yako inafungiwa leo." "Laini yako imeshinda zawadi." "Tunahakiki laini, tutajie namba uliyotumiwa." Hawasemi ni kadi, ni namba, ni pochi au ni usajili, kwa sababu ukiuliza hivyo uongo wao unaanza kuyumba. Wanataka uogope kupoteza vyote vinne kwa pamoja, ili ukubali kutoa kimoja, yaani namba ya siri.

Njia nyepesi ya kumshika ni kuuliza: laini ipi? Kama ni kadi iliyoharibika, haitengenezwi kwa simu, unaenda dukani. Kama ni usajili, unahitaji kidole chako, na kidole hakipiti hewani. Kama ni pochi, kampuni haina haja ya kukuuliza namba ya siri, kwa sababu hiyo ni ya kwako wewe kufungulia. TCRA imekwisha kuwatangazia wananchi kwamba watoa huduma huwapigia wateja kwa namba 100. Mtu anayekupigia kwa namba ya kawaida akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, mkatie.

Kuna na ule ujumbe maarufu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Unawanasa watu ambao kweli walikuwa wanakaribia kumtumia mtu pesa. Tapeli anasema laini yake nyingine ina matatizo, na wewe unaamini kwa sababu laini huwa zina matatizo kweli. Kabla hujatuma, piga ile namba ya siku zote usikie sauti. Na kabla hujabonyeza kukubali, soma jina linalotokea kwenye kioo cha simu. Jina hilo ndilo la aliyesajiliwa. Kama si la unayemjua, simama.

Wapo pia mawakala wachache wasio waaminifu wanaomwambia mteja aweke kidole mara ya pili au ya tatu, wakidai kuwa mashine imegoma. Mara nyingine imegoma kweli. Mara nyingine kidole cha pili kimesajili laini ya mtu mwingine kwa jina lako. Una haki ya kuuliza kila kidole ni cha nini.

Ufanye nini leo

Kwanza, piga *106# kwenye simu yako na ufuate maelekezo. Huduma hii ni ya kuhakiki usajili. Utaona jina lililosajiliwa kwenye laini unayotumia, na unaweza kuangalia namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo kwa kila mtandao ulio na laini yake. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao huo uombe iondolewe kwenye jina lako.

Pili, ukikuta laini unayoitegemea ina jina la mtu mwingine na sasa una namba ya NIDA, nenda na mtu huyo dukani mbadilishe umiliki wakati bado mnapatana. Ni jambo rahisi kwa watu wanaoelewana. Likisubiri ugomvi au msiba, linakuwa kesi.

Tatu, kikundi kisitegemee laini binafsi ya mtu mmoja. Ulizeni mtandao au benki kuhusu akaunti za vikundi, ambazo kutoa pesa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Na daftari liandikwe kila kikao.

Nne, kadi ikiibiwa au ikipotea, toa taarifa mapema kwa mtandao wako na polisi. Simu ikipoteza mtandao ghafla huku wenzako wa mtandao huohuo wanapiga kama kawaida, usisubiri kesho. Huenda mtu amekwenda kuchukua kadi mpya ya namba yako.

Tano, ujumbe wa kitapeli usiufute tu. Utume kwenda 15040, na utaelekezwa kutuma namba iliyokutumia. Huduma hiyo ni ya kuripoti utapeli, na namba moja ikifungiwa ni jirani mmoja ameokolewa.

Neno laini tutaendelea kulitumia, maana limeshakuwa letu. Redioni tutasema laini ziko wazi, na fundi atauliza kama laini imezimwa. Lakini pesa ikitajwa, mtoto wako akikuomba umsajilie, au mtu akikupigia akitaka "kuhakiki laini", muulize anamaanisha kadi, namba, pochi au jina. Kadi unaweza kupewa nyingine kesho. Jina lako ni moja.